Gamba la nyoka linapita kanga mbili, nimelikuta uwani kwangu Utange. Ni nyoka gani huyu?

MamaTaufiki
Asalaam aleikum, na wengine wote hamjambo. Mwenzenu sijalala tangu juzi.

Nakaa Utange, Mombasa, nyumba ya kupanga yenye uwani mkubwa. Nyuma kuna banda la kuku, tangi bovu la maji lililolazwa ubavu, na rundo la mawe ya ujenzi aliyoyaacha mwenye nyumba tangu mwaka juzi, ati atajenga choo cha nje. Wiki mbili hizi nimepoteza kuku wawili wa mayai. Hakuna damu, hakuna manyoya, hata kelele hatukusikia. Nikamshuku kicheche, kisha nikamshuku kijana wa jirani, Mungu anisamehe.

Juzi asubuhi dada anayenisaidia kazi alikuwa akianika nguo, akapiga ukelele mpaka nikaangusha sufuria. Anasema ameona kitu kama bomba kikijivuta kuingia kwenye mawe. Mkia tu, kichwa hakukiona. Rangi, mara kijivu, mara kahawia. Jioni Baba Taufiki akaona gamba limekwama baina ya mawe mawili, tukalitoa polepole kwa kijiti. Limechanika kichwani, kwengine kote ni zima. Nimelitandaza barazani nikalipima kwa kanga: kanga mbili na shubiri juu.

Jirani wa kulia anasema ni koboko, tuhame. Wa kushoto anasema ni chatu, hana neno. Vijana wa mtaa wako tayari na petroli wayachome mawe. Mimi nina mtoto wa miaka 4 anayecheza papo hapo. Nishike lipi?

KijanaMtopanga
Hama. Mawe, kuku na tangi muachie yeye, ndiye mwenye nyumba sasa.

BintiKisauni
Pole dada. Mwaga dizeli kuzunguka uwani, ponda vitunguu saumu utie kwenye matundu. Na bibi yangu alikuwa akisema nyoka wa nyumbani mwambie aondoke, mpe siku tatu. Asipoondoka hapo ndipo umtafutie dawa.

MzeeWaNyuki
Mama Taufiki, poa moyo. Nimetunza nyoka wa maonyesho huku pwani miaka 11, sasa nimestaafu nafuga nyuki. Hiyo rangi aliyoitaja binti iweke kando, alikuwa ameshtuka. Shahidi wako ni gamba, na unalo mkononi.

Nyoka wakubwa wa kuingia uwani huku kwetu nawahesabu watatu. Kuna chatu. Kuna koboko, ambaye watu humtafuta mweusi wasimwone, maana mwili wake ni wa kijivu au rangi ya zeituni, kilicho cheusi ni ndani ya kinywa. Na kuna swila mkubwa wa kahawia, yule mtema sumu. Huyu hatajwi sana na ndiye mpenda mabanda ya kuku. Wataalamu walikuwa wakimchanganya na swila wengine mpaka 2007 alipopewa jina lake, Naja ashei, kwa heshima ya marehemu James Ashe aliyeanzisha kituo cha nyoka cha Bio-Ken pale Watamu. Moma simtii humu. Ni mnene, lakini kwa urefu kanga moja inamtosha.

Sasa sikiliza. Gamba huvutika likivuliwa, kwa hiyo nyoka ni mfupi kuliko gamba lake. Kanga mbili na shubiri ni kama mita 3.2, yeye mwenyewe huenda hafiki 3. Hata hivyo swila wa urefu huo ni wa kutafuta kwa tochi. Wanabaki wawili, na hao gamba litawatenganisha.

Lirashie maji kidogo lilainike. Katikati ya mwili hesabu vigamba vidogovidogo kwenda mshazari, uanzie ukingo wa tumbo, upande mgongoni, ushukie ukingo wa pili. Vile vipana vya tumboni usivihesabu. Shika kijiti cha meno, usije ukapotea njiani. Koboko hafiki 30. Chatu anapita 70. Hata ukiruka vitano huwezi kukosea. Kisha liinue juani, la chatu hubaki na kivuli cha mabaka. Tazama pia karibu na tundu la haja, chatu ana kucha mbili ndogo, moja kila upande, masalio ya miguu ya nyuma.

Na mkono usiutie kwenye mawe hayo, hata kwa kokoto moja.

NesiWaUsiku
Wakati mnahesabu, nami niseme langu. Nimepokea mtu usiku mmoja, mguu umefungwa mpira wa baiskeli kwa saa nne. Nyoka aliyemuuma hakuwa hata na sumu ya maana. Ule mpira ndio ulitutesa wiki tatu.

Mama Taufiki, kabla hajajulikana ni nani, mtoto asikanyage uwani. Akiumwa mtu yeyote, mvueni pete, bangili na viatu, mlazeni, kiungo kitulizwe kwa ubao kama cha aliyevunjika, na gari litafutwe saa hiyo hiyo kwenda hospitali kubwa. Msichanje kwa wembe, msinyonye, msifunge kamba, na lile jiwe jeusi la nyoka liacheni huko huko kwa mganga. Sumu ya koboko huzuia pumzi, haingoji kuche. Swila akitema machoni, ni kuosha kwa maji mengi yanayotiririka dakika 15 hadi 20, bila kufikicha, kisha hospitali vilevile.

MamaTaufiki
Nesi ahsante, mtoto nimempeleka kwa shangazi yake Kiembeni.

Mzee, shikamoo. Nimekaa barazani na kijiti cha meno na miwani ya Baba Taufiki. Mara ya kwanza nilifika 81 simu ikalia. Mara ya pili nikafika 83. Nimeliinua juani na wallahi mabaka yapo, kama alama ya jani lililokauka kwenye saruji. Kucha nimeona upande mmoja, ni kama punje ya mchele. Upande wa pili pamechanika.

MzeeWaNyuki
Marahaba. Huyo ni chatu, lala usingizi, ila si ule mzito. Sumu hana, lakini ana meno mengi yaliyopinda nyuma, na wa ukubwa huo karibu na mtoto mdogo si wa kufanyiwa mzaha. Kuku wako ndiye aliyewachukua. Kwenye midomo ana vishimo vinavyohisi joto, kwake kuku gizani ni kama taa. Humbana, humeza mzima, ndiyo maana hukuona unyoya.

Hao vijana wazuie. Petroli itamchoma aliyeshika kiberiti. Chatu atatokea upande wa pili aingie kwa jirani. Tena sheria ya wanyamapori ya 2013 haina mchezo, ukikutwa na ngozi ya chatu bila kibali ni kesi. Pigia KWS, shirika la wanyamapori, ueleze uko wapi na una gamba. Mpaka wafike, mtu mmoja akae mbali aangalie tu, asichokoe. Na hilo tangi bovu umelichungulia?

BintiKisauni
Kwa hiyo dizeli bure? Mimi humwaga kila masika.

MzeeWaNyuki
Dizeli itaua mchicha wako, mwanangu. Fukuza panya, fyeka nyasi, ondoa vifusi, banda litie wavu wa matundu madogo mpaka chini. Nyoka hafuati nyumba, afuata chakula na mahali pa kujificha. Hilo la bibi la siku tatu silikatai, lakini siku hizo tatu banda liwe limefungwa.

FundiSarufi
Jamani ni "uani" si "uwani".

KijanaMtopanga
Fundi, wewe nyoka akikukuta uani au uwani utakimbia vilevile.

MamaTaufiki
Nimerudi. Watu wa KWS walikuja, wawili, na gunia na fimbo yenye ndoano. Kwenye mawe hakuwamo. Alikuwa ndani ya tangi, amejikunja kama kamba ya jahazi, tumboni kavimba. Sikumuuliza mtu ni kuku yupi. Mmoja alishika nyuma ya kichwa, mwingine akazuia mwili, chatu akatoa mlio kama pancha ya lori, mtaa mzima ukarudi hatua kumi. Hao vijana wa petroli ndio waliokuwa mbele kukimbia. Walimpima: mita 2.7. Mzee, ulisema hafiki 3.

Gamba pia wamelichukua. Mwenye nyumba nimempigia kuhusu mawe, anasema mwisho wa mwezi. Jirani wa kulia bado anashikilia kuwa ni koboko aliyenenepa. Mtoto atarudi kesho. Dada naye kakubali kubaki, ila nguo siku hizi anaanika mbele, kwenye grili za dirisha langu la sebuleni.