Kozi za bure au nilipie kambi ya mafunzo?

Muuliza: Wakuu, naombeni ushauri. Nimeanza kozi tatu za JavaScript (lugha ya kuandikia programu za kompyuta), zote nakwama palepale: video naielewa vizuri, ila nikifungua ukurasa mtupu sijui nianzie wapi. Nafikiria kulipia kambi ya wiki 12. Itanisaidia?

Jibu 1: Mkuu, subiri kwanza kulipa. Hali hiyo ilinitesa mwaka mzima. Funga video, kisha uandike upya ulichokiona bila kuchungulia. Mimi nilianza na kikokotoo. Kitufe cha kufuta tarakimu moja kilinichukua siku 2, na hapo ndipo nilipoanza kuelewa kweli. CS50, kozi ya Harvard ya utangulizi wa sayansi ya kompyuta, unaisoma mtandaoni bure na mazoezi yake ni magumu hasa. FreeCodeCamp, tovuti ya bure ya kujifunza programu, nayo inakulazimisha kuandika.

Jibu 2: Naongezea. Kambi niliyolipia iliahidi mwalimu, kumbe ni video tu. Waulize: nani atasoma msimbo (code) wangu, na mara ngapi kwa wiki? Wakizungukazunguka, achana nao. Tafuta mhitimu mwenyewe, usitegemee yule wa kwenye tangazo.

Muuliza: Asanteni sana. Leo naanza kikokotoo.