Tupeane uzoefu: wasanii wa maigizo na sanaa za jadi wakishaondoka shuleni, wanafunzi hubaki na nini?

Mwanzisha mada (mwigizaji)

Ndugu zangu, sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi nimeitumia katika kundi la maigizo linalozunguka shuleni, na leo naomba tujadili jambo ambalo wasanii, walimu na wazazi hatulizungumzii mara nyingi tukiwa pamoja. Onyesho likishakwisha, maleba yakafungashwa na sisi tukaondoka, wanafunzi hubaki na nini? Siulizi kama walifurahi, kwa sababu mtoto hufurahia karibu kila kitu kinachomwondoa kwenye dawati. Ninauliza kama wamebaki na jambo wanaloweza kulifanya wenyewe wiki inayofuata, sisi tukiwa hatupo.

Njia iliyonilea ina historia inayojulikana. Mwaka 1965 ukumbi wa Belgrade ulioko Coventry, Uingereza, ulianzisha kikosi cha waigizaji ambao walikuwa walimu pia, wakapewa kazi ya kwenda shuleni na programu zilizotungwa kwa ajili ya wanafunzi wa rika fulani. Tofauti yake na onyesho la kawaida ilikuwa kwamba wanafunzi, mara nyingi wa darasa moja au mawili tu, waliingizwa ndani ya kisa, wakakutana na wahusika uso kwa uso na kutakiwa kufanya uamuzi. Upande wa walimu, Dorothy Heathcote, mwalimu Mwingereza wa maigizo ya darasani, alionyesha kwamba hata mwalimu asiye na jukwaa wala maleba anaweza kuchukua uhusika katikati ya kipindi na kulibadilisha darasa zima kuwa baraza, kiwanda au chombo cha safari.

Katika kundi letu tuna kisa cha kijiji kinachotakiwa kuhama ili bwawa lijengwe. Wanafunzi ndio baraza la usuluhishi, nami ninaingia kama mzee aliyekataa kuhama, ninaketi, kisha ninajibu kile ninachoulizwa na si zaidi ya hapo. Maswali ya kwanza huwa ya ndiyo au hapana, nami ninajibu ndiyo au hapana, halafu kimya kinatanda darasani. Baada ya muda mwanafunzi mmoja huuliza, «Ukihama, ni kitu gani hutaweza kwenda nacho?» Hapo ndipo mzee anaanza kuzungumza juu ya makaburi, mipaka ya mashamba na mti walioupanda wazazi wake. Walimu wengi wameniambia kwamba baada ya kipindi kile wanafunzi waliendelea kuuliza maswali ya namna hiyo hata katika masomo mengine, nami ninahesabu hilo kuwa ndilo tulilowaachia.

Karibuni mtoe yenu, hasa yale mliyoyaona kwa macho baada ya wasanii kuondoka.

Mchangiaji wa pili (mwalimu wa shule ya msingi)

Ahsante kwa mada. Kwangu alikuja mtambaji wa hadithi, mama mtu mzima asiye na kipaza sauti wala kifaa chochote. Jambo la kwanza alilolifanya lilikuwa kutuomba tutoe madawati nje na kuketi duara, naye akaketi katika duara hilohilo, hadhira ikiwa upande wake wa kulia na wa kushoto. Alianza kwa vitendawili. Alipotamka «Kitendawili!» sauti zilizoitikia «Tega!» zilikuwa chache na za aibu, kwa hiyo akarudia bila kukasirika mpaka darasa zima likaitikia kwa pamoja, na kufikia hapo kila mtoto alikuwa amekwisha kusikia sauti yake mwenyewe ndani ya chumba. Ninalitaja hili kwa undani kwa sababu nilikuwa na mwanafunzi ambaye kwa kawaida hajibu swali lolote, naye aliitikia kama wenzake, kwa kuwa ndani ya kiitikio hakuna anayenyooshewa kidole.

Somo la fasihi simulizi hutufundisha kwamba fanani, yaani msimuliaji, na hadhira hujenga utendaji kwa pamoja, lakini wengi wetu hulisomesha jambo hilo ubaoni kama maelezo ya kunakili. Baada ya mama yule kuondoka, nilianza kila kipindi cha lugha kwa kumwachia mwanafunzi mmoja nafasi ya fanani kwa dakika chache. Aliyechaguliwa huchagua pia kiitikio chake na kutufundisha. Mwanafunzi wangu mkimya aliomba zamu yake baada ya majuma kadhaa, akatamba hadithi fupi sana ambayo kiitikio chake kilikuwa kirefu kuliko hadithi yenyewe. Sikumsahihisha, na wenzake walikiimba kiitikio hicho hadi uwanjani.

Ninachowaomba wasanii ni kumwandaa mwalimu kabla ya siku yenyewe. Mama yule alikutana nami mapema, akaniuliza tunasoma nini na nani miongoni mwa wanafunzi haoni au hasikii vizuri, kisha akanifundisha nyimbo mbili ili niweze kuziendeleza. Wapo wasanii wanaokuja, wakamwacha mwalimu akiwa amesimama mlangoni kama mlinzi, na baada ya hapo hakuna wa kuendeleza chochote.

Mchangiaji wa tatu (mpiga ngoma na mfundishaji wa ngoma za jadi)

Nimeguswa na swali hili kwa sababu nalikabili kila ninapoalikwa. Mwaliko mwingi husema, «Tunaomba uwafundishe watoto ngoma, kuna wageni mwisho wa mwezi.» Maana yake ni kwamba shule inataka dakika tano za kupendeza macho. Ngoma ikikatwa namna hiyo hubaki mwendo wa miguu na mavazi, na vinavyopotea ni wimbo, sababu ya wimbo, nani huanza na nani hujibu, pamoja na wakati ambapo ngoma hiyo haipaswi kuchezwa kabisa.

Mimi huanza na sikio. Mwanafunzi hagusi ngoma mpaka aweze kuyatamka mapigo kwa mdomo na kuyatembea kwa miguu. Njia hii inajulikana katika tamaduni nyingi. Wapigaji wa tabla, ngoma za mkono za India, kwa mfano, wana silabi kwa kila pigo, kama vile dha, dhin, na, tin, na huzikariri kwa sauti kabla mkono haujazitekeleza. Faida yake shuleni ni kubwa, kwani ngoma zikiwa chache na wanafunzi wakiwa wengi, kila mmoja bado ana chombo kamili kinywani mwake, na nikishaondoka na ngoma zangu, mapigo hubaki. Nikishafika kwenye ngoma zenyewe, huwashikisha ngozi na kuwaonyesha jinsi inavyolegea kukiwa na unyevunyevu na kukaza inapopata joto, na tunaianika juani pamoja huku tukigonga pembezoni mwake hadi sauti ipande. Mwalimu mmoja wa sayansi alikichukua kipindi hicho kikawa mwanzo wa somo lake la sauti na mtetemo.

Kuna jambo zito zaidi ambalo wasanii wenzangu hatuna budi kulisimamia. Si kila wimbo wa jadi ni wa kupelekwa shuleni. Nyimbo nyingine ni za miviga, yaani sherehe za kimila, zina wenyewe na zina umri wake, na mtu anayezibeba kwenda nazo uwanjani kwa ajili ya kushangiliwa anawavunjia heshima waliozitunza. Mkataba wa UNESCO wa mwaka 2003 wa kulinda urithi wa utamaduni usioshikika unataja elimu rasmi na isiyo rasmi kuwa njia ya kurithisha, na papo hapo unazitaka nchi ziheshimu taratibu za kimila zinazosimamia ufikiaji wa sehemu fulani za urithi huo. Kwa hiyo ninapoalikwa, kwanza huenda kwa wenye ngoma, nikawaeleza itakapochezwa na watakaofundishwa. Wakiniruhusu, huomba mmoja wao afuatane nami ili watoto wajue imetoka kwa watu gani. Wakikataa, ninatafuta nyingine.

Mchangiaji wa nne (mkuu wa shule)

Nitasema machache kutoka upande wa ofisi. Wasanii wanapendekeza darasa moja, nasi tunataka shule nzima ione, kwa sababu wazazi huuliza kwa nini mtoto wa darasa lingine aliachwa. Nilipokubali kugawa ziara katika vipindi vya madarasa tofauti badala ya kukusanya wote ukumbini, ratiba ilisumbua, lakini kwa mara ya kwanza walimu wenyewe walikaa hadi mwisho. Bado ninaomba tusaidiane namna ya kufanya hivyo bila kuwachosha wasanii kwa kurudia kazi ileile kutwa nzima.

Mchangiaji wa tano (mtengenezaji na mwendeshaji wa vikaragosi)

Kazi yangu ni vikaragosi, na kwa swali la nini hubaki nina jibu linaloshikika: hubaki kikaragosi alichokitengeneza mtoto mwenyewe. Ila nimejifunza kwamba kutengeneza ndiyo sehemu nyepesi, na elimu iko katika kuendesha.

Katika bunraku, sanaa ya vikaragosi ya Japani, mhusika mkuu mmoja huendeshwa na watu 3. Kiongozi hushika kichwa na mkono wa kulia, wa pili mkono wa kushoto, wa tatu miguu, na wote hufuata ishara ndogondogo za kiongozi. Nimeuchukua mpangilio huo na kuupeleka darasani kwa kikaragosi cha magazeti yaliyosokotwa na kufungwa kwa uzi, kisicho na macho wala mdomo. Zoezi la kwanza ni kupumua. Wanafunzi watatu hukiinua na kukishusha kifua chake kidogo tu, na mwanzoni kila mmoja huvuta upande wake hadi kikaonekana kama kitambaa kinachokung’utwa. Sisemi neno. Inafika dakika ambapo wao wenyewe wanaanza kupumua pamoja, na darasa lote linanyamaza, kwa sababu rundo la magazeti limekuwa mtu aliyelala. Baada ya hapo tunakiamsha, kinatazama, kinasimama, na hatimaye kinapiga hatua moja.

Nafasi ya miguu ndiyo ninayoipenda zaidi. Wanafunzi wenye sauti kubwa hukimbilia kichwa, lakini anayeshika miguu lazima ainame na kutazama mgongo wa mwenzake kwa makini, na asipofanya hivyo mhusika anaelea hewani. Huwa ninawazungusha ili kila mmoja ashike kila sehemu. Nikiwa na muda, huwaonyesha pia njia iliyo kinyume kabisa, ile ya wayang ya Indonesia, ambapo mwendeshaji mmoja anayeitwa dalang huendesha vikaragosi vyote nyuma ya pazia lenye mwanga, akatoa sauti za wahusika wote na kuwaongoza wapiga ala. Shuka na taa moja vinatosha kulijaribu jambo hilo darasani.

Mchangiaji wa sita (mzazi)

Binti yangu alirudi nyumbani na hadithi aliyoisikia kwa mtambaji, akaisimulia wakati wa jioni, na bibi yake akamkatiza akisema kwamba haiishi hivyo. Walibishana kwa heshima, bibi akatoa mwisho wake, nami nikakumbuka mwisho wa tatu. Siku iliyofuata mtoto aliipeleka miisho yote mitatu shuleni. Ningependa walimu walifanye hili kuwa kazi ya nyumbani ya makusudi, kwa kuwa wazee wengi wana hadithi na hawaulizwi.

Mchangiaji wa saba (mwezeshaji wa maigizo kwa vijana wa sekondari)

Mimi hutumia mbinu ya Augusto Boal, Mbrazili aliyeasisi maigizo ya wanaokandamizwa. Tunaonyesha kisa kifupi kinachoishia vibaya, kwa mfano mwanafunzi anayeonewa na wenzake huku wengine wakitazama. Kisha tunakirudia tangu mwanzo, na mtazamaji yeyote anaweza kusema «Simama!», akaingia jukwaani kuchukua nafasi ya mhusika na kujaribu njia nyingine, huku waigizaji wakiendelea kumpinga kama ambavyo ingetokea kweli. Kiongozi wa mchezo hatoi jibu sahihi, ila huwauliza watazamaji kama jaribio hilo linawezekana katika maisha.

Ninawasihi wanaoiga mbinu hii wasiirahisishe. Kisa kisichukuliwe kwa mtoto anayejulikana darasani, hata jina likibadilishwa, kwa sababu wenzake watamtambua. Mshauri wa wanafunzi awepo siku hiyo na siku zinazofuata, kwa kuwa igizo linaweza kumfungua mtu ambaye sisi hatutakuwepo kumsikiliza. Na muda usibanwe, maana jaribio la kwanza la vijana karibu siku zote ni kupigana au kuripoti kwa mkubwa, na fikra zenye uzito hujitokeza baadaye, pale anapoinuka mwanafunzi kuchukua nafasi ya wale waliokuwa wakitazama tu.

Mwanzisha mada

Ninawashukuru nyote. Kwa mkuu wa shule, kundi letu hugawa siku hivi: asubuhi tunafanya kazi na darasa moja kwa kina, mchana darasa hilohilo linaonyesha madarasa mengine walichokitengeneza, sisi tukiwa wasaidizi. Shule nzima inaona, wasanii hawarudii kazi ileile, na watoto wanawaona wenzao jukwaani badala yetu. Inahitaji walimu wa madarasa hayo wakubali mapema kwamba kitakachoonyeshwa mchana kitakuwa na makosa.

Hoja ya mpiga ngoma kuhusu ridhaa ya wenye sanaa ninaiunga mkono kikamilifu, na ninapendekeza iandikwe katika makubaliano baina ya kundi na shule, pamoja na jina la jamii ambako sanaa imetoka na nani ameruhusu kurekodi picha na sauti.

Bado hatujasikia kutoka kwa waliofanya kazi na wanafunzi viziwi. Ninafahamu kwamba mtetemo wa ngoma husikika kupitia sakafu ya mbao na kwamba maigizo ya vitendo bila maneno hufika mbali, lakini ningependa kusikia kutoka kwa mtu aliyejenga kisa kizima pamoja nao kwa lugha ya alama: mlianzaje, na mkalimani alikaa wapi?