Nimehitimu kidato cha sita kwa tahasusi ya EGM: nisome Hisabati au Takwimu chuoni, na kazi zake ni zipi?

Mhitimu wa Tabora

Shikamooni wakubwa zangu, na salamu kwa wenzangu wa rika moja. Nimemaliza kidato cha sita mwaka huu kwa tahasusi ya EGM (Uchumi, Jiografia na Hisabati), na katika Hisabati ya Juu nimepata B. Dirisha la udahili linakaribia kufungwa, nami bado sijajaza chaguo la kwanza.

Baba yangu ni karani mstaafu wa chama cha ushirika cha wakulima wa tumbaku. Anasisitiza nisome uhasibu, kwa sababu kila ofisi aliyowahi kuingia ilikuwa na mhasibu, lakini hajawahi kuona ofisi yenye mwanahisabati. Mwalimu wangu wa Hisabati naye anasema nitajuta nikiacha somo ninalolipenda. Sitaki kumbishia mzee wangu kwa hisia tupu. Nataka nimpelekee majibu yenye uzito.

Naomba kueleweshwa mambo mawili. Kwanza, shahada ya Hisabati na shahada ya Takwimu zinatofautianaje katika masomo yenyewe, si kwa majina tu? Pili, mtu aliyesoma hayo huamka asubuhi akaenda kufanya kazi gani, mbali na kufundisha?

Mtakwimu wa nyanjani

Marahaba, mdogo wangu. Nimefanya kazi ya takwimu kwa miaka kumi na mitatu, mwanzoni katika tafiti za kaya na sasa katika utafiti wa afya, kwa hiyo nitasema zaidi juu ya yale niliyoyafanya mwenyewe.

Mwanzoni tofauti ni ndogo. Mwaka wa kwanza wote mtasoma kalkulasi, aljebra ya mstari na misingi ya uwezekano, pengine katika ukumbi mmoja. Baadaye njia huachana: mwanafunzi wa Hisabati huelekea kwenye uthibitisho, akijifunza kwa nini kanuni alizozitumia tangu sekondari ni za kweli, na mwanafunzi wa Takwimu huelekea kwenye uchukuaji wa sampuli, makadirio, upimaji wa nadharia tete, regresheni (kupima jinsi jambo moja linavyohusiana na mengine) na usanifu wa majaribio. Zipo pia shahada zilizojikita katika takwimu rasmi za serikali, kama ile inayotolewa na Chuo cha Takwimu Mashariki mwa Afrika kilichopo Changanyikeni, Dar es Salaam.

Kuhusu kazi, watu wengi hudhani mtakwimu huanza pale data zinapoletwa mezani. Kwa kweli sehemu kubwa ya kazi yake huwa imekwisha kabla ya mdadisi wa kwanza kubisha hodi kwenye kaya. Tuchukue mfano wa kubuni. Wilaya ina kaya 100,000, ambapo kaya 90,000 ziko vijijini na 10,000 ziko mjini. Ili kupata habari za kutosha kuhusu pande zote mbili, tunadodosa kaya 500 za mjini na 500 za vijijini, na tunakuta kuwa umeme upo katika asilimia 80 ya kaya za mjini na asilimia 20 ya kaya za vijijini. Mtu asiyesomea kazi hii atajumlisha kaya zote 1,000 na kuandika kuwa nusu ya wilaya ina umeme. Lakini kila kaya ya mjini katika sampuli inasimama badala ya kaya 20, na kila kaya ya kijijini inasimama badala ya kaya 180. Ukizipa uzito unaozistahili, jibu ni asilimia 26. Kati ya 50 na 26 kuna vijiji vizima ambavyo mpangaji wa bajeti angeamini vimeshapata umeme.

Katika ajira yangu ya kwanza nilitengeneza jedwali lenye kosa la namna hiyo hiyo, nalo likaingia kwenye rasimu ya ripoti kabla ya mwenzangu kuligundua. Tangu siku hiyo sitoi wastani wowote bila kwanza kuuliza sampuli ilichukuliwaje.

Waajiri ni wengi kuliko baba anavyofikiri: Ofisi ya Taifa ya Takwimu, Ofisi ya Mtakwimu Mkuu wa Serikali kule Zanzibar, Benki Kuu, wizara na mamlaka mbalimbali, kampuni za simu, benki, na taasisi za utafiti. Nikuongezee mfano mmoja wa afya, kwa kuwa ndio ulionivuta mimi. Jaribio kubwa la chanjo ya malaria ya RTS,S, lililoanza mwaka 2009, lilihusisha watoto 15,459 katika vituo 11 vya nchi saba za Afrika, vikiwemo Bagamoyo na Korogwe. Idadi ya watoto wanaohitajika katika jaribio la namna hiyo huamuliwa kwa hesabu kabla ya mtoto wa kwanza kuchomwa sindano. Wakiwa wachache mno, chanjo inayofaa inaweza kuonekana haifai. Wakiwa wengi kupita kiasi, watoto wanaingizwa katika jaribio bila ulazima. Ni hesabu ambayo ndani yake kuna watoto wa watu, na sijui ofisi ya uhasibu yenye swali zito kuliko hilo.

Mwalimu wa Hisabati, Iringa

Mtakwimu ameeleza vizuri, nami namshukuru. Hata hivyo, ushauri wangu unaelekea upande mwingine kidogo. Kama unalipenda somo lenyewe, soma shahada ya Hisabati na ujaze kozi zote za uchaguzi kwa takwimu. Nimewaona wengi wakihama kutoka Hisabati kwenda Takwimu katika shahada ya pili bila shida kubwa, lakini anayetaka kuhama kwa upande wa pili hukuta pengo la uthibitisho ambalo kuliziba huchukua muda mrefu.

Nakuonya mapema juu ya somo la uchanganuzi halisi, yaani uthibitisho wa misingi ya kalkulasi, ambalo wanafunzi wengi hukutana nalo mwaka wa pili. Hapo ndipo waliokuwa vinara wa kukokotoa hushtuka, kwa sababu mwalimu haombi tena jibu, anaomba hoja. Utaambiwa uthibitishe kuwa mfuatano fulani una kikomo, na ukiandika kwamba inaonekana wazi kwenye grafu, utapata sifuri. Wapo wanaokata tamaa wakidhani akili zimewaishia, ilhali wanachojifunza ni lugha mpya, na lugha huhitaji miezi. Andika uthibitisho kwa mkono wako mwenyewe kila siku, na kila hatua jiulize nini kimekuruhusu kuipiga.

Kuhusu hoja ya mzee, mwambie kwa heshima kuwa mwanahisabati hawekewi kibao mlangoni. Yumo ofisini akiitwa mchambuzi wa mikopo, mtaalamu wa mifumo, mtabiri wa hali ya hewa au mchumi. Tena yapo mambo ambayo mzee anayafahamu na ambayo unaweza kumwonyesha kwa hesabu ya kidato cha sita. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 44,928,923 nchini, na ile ya mwaka 2022 ikahesabu 61,741,120. Gawanya idadi ya pili kwa ya kwanza, chukua logi asilia ya jibu, kisha gawanya kwa 10. Utapata takribani 0.0318, yaani ongezeko la asilimia 3.2 kwa mwaka. Sasa gawanya logi asilia ya 2 kwa namba hiyo: utapata karibu miaka 22, ambao ni muda wa idadi ya watu kuongezeka maradufu iwapo kasi haitabadilika. Madarasa, zahanati na visima hupangwa kwa kuanzia na hesabu hiyo.

Umesema «mbali na kufundisha», nami sikulaumu, maana umeshasikia jinsi watu wanavyolisema neno hilo. Lakini Hisabati ni miongoni mwa masomo ambayo wanafunzi wetu hufeli zaidi katika mtihani wa kidato cha nne, na shule nyingi hazina mwalimu wa kutosha wa somo hilo. Nilikwenda darasani kwa kupenda, na baada ya miaka 19 bado naingia kwa kupenda.

Msomaji wa Nairobi

Ndugu mhitimu, nikuongezee njia ya tatu ambayo bado haijaguswa, yaani sayansi ya takwimu bima. Huku kwetu Kenya inafundishwa katika vyuo vikuu kadhaa, na wengi huipenda kwa sababu wamesikia kuwa ina mshahara mnono. Mimi niliisoma. Kazi yenyewe ni kukadiria gharama za matukio ambayo bado hayajatokea: ni kiasi gani mfuko wa pensheni uweke leo ili uweze kuwalipa wastaafu miaka 30 ijayo, au ada ya bima ya afya iwe kiasi gani ili kampuni isifilisike na mteja asinyonywe.

Jambo ambalo sikuambiwa mapema ni kwamba shahada ni mwanzo tu. Ili utambuliwe kuwa mtaalamu kamili ni lazima ufaulu mfululizo wa mitihani ya chama cha kitaaluma, na wengi wetu hufuata mitihani ya chama cha Uingereza. Ada za mitihani hulipwa kwa fedha za kigeni, na watu hutumia miaka mingi kuimaliza huku wakifanya kazi mchana na kusoma usiku. Baadhi ya kozi za chuo zinaweza kukuondolea baadhi ya mitihani, kwa hiyo kabla hujajaza fomu kiulize chuo ni mitihani gani hasa, nacho kikujibu kwa maandishi.

Wanaohitimu ni wengi kuliko nafasi za kampuni za bima. Mimi sasa nipo katika taasisi ya fedha, ninajenga modeli za kupima uwezekano wa mkopaji kushindwa kulipa. Tangu huduma ya akiba na mikopo kama M-Shwari ilipoanza mwaka 2012, mikopo ya simu imetegemea sana kazi hii. Msingi wake ni regresheni ya lojistiki, njia ya kukadiria uwezekano wa jambo la ndiyo au hapana, ambayo utaikuta ukichagua Takwimu, na utaielewa kwa undani zaidi ukiwa na Hisabati nzuri. Chochote utakachochagua, jifunze kuandika programu, na uanze na R au Python, ambazo hazilipiwi. Mhitimu anayejua nadharia lakini hawezi kusafisha faili lenye mistari 200,000 hupata taabu katika usaili.

Mhitimu wa Tabora

Nawashukuru sana wakubwa zangu. Jana jioni nilikaa na baba, nikamsomea majibu yote matatu. Mfano wa umeme aliusikiliza kimya hadi mwisho, kisha akasema kwamba hata kwenye ushirika wao waliwahi kukadiria mavuno kwa kutembelea mashamba yaliyo karibu na barabara, na makadirio hayakuwahi kulingana na mizigo iliyofika ghalani.

Kisha tulifanya hesabu ya mwalimu kwa mkoa wetu. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 2,291,623 mkoani Tabora, na ya 2022 ikahesabu 3,391,679. Nilipata ongezeko la takribani asilimia 3.9 kwa mwaka, ambalo limezidi lile la taifa. Baba akauliza: je, ni kwa sababu watoto wanazaliwa wengi zaidi, au ni wageni wanaohamia na kufungua mashamba? Sikuwa na jibu. Je, kuna namna ya kulijua hilo kutokana na sensa zenyewe?

Mtakwimu wa nyanjani

Mpe mzee shikamoo yangu, na umwambie kuwa swali lake ndilo ambalo mchambuzi wa idadi ya watu angeuliza. Sensa mbili peke yake hukupa jumla tu, na jumla huficha mambo manne: waliozaliwa, waliofariki, waliohamia na waliohama. Ili uyatenganishe, tafuta majedwali ya sensa yanayoonyesha umri na jinsi pamoja na mahali watu walipozaliwa. Anza na kundi la waliokuwa na umri wa miaka 10 hadi 14 mwaka 2012, kisha litafute mwaka 2022 likiwa na miaka 20 hadi 24. Kundi hilo haliwezi kukua kwa kuzaliwa, linaweza tu kupungua kwa vifo na kuhama, au kuongezeka kwa kuhamia. Ukilikuta limeongezeka, wageni wameingia. Rudia kwa kila kundi la umri, wanaume peke yao na wanawake peke yao, na utuletee matokeo hapa hata kama utakuwa umeshajaza fomu.

Mhitimu wa Tabora

Fomu nimeijaza leo asubuhi, chaguo la kwanza Takwimu na la pili Hisabati. Baba alikuwa ameketi kando yangu. Majedwali ya umri nimeyapata, na ninaanza na wanawake.