Rangi ya michoro ya Kolo walichanganya na nini?

FundiMabango
Wakuu, salaam. Mimi ni mchora mabango hapa Dodoma, mwaka wa 14 sasa. Juzi mteja kanirudishia bango la bucha. Ng'ombe niliyemchora mwekundu pyu miaka miwili nyuma kawa wa pinki kama sabuni ya kuogea, na anataka nirudie bure.

Jumapili, hasira hazijashuka, nikamsindikiza shemeji mpaka Kolo kuona ile michoro ya Kondoa iliyoingia Urithi wa Dunia mwaka 2006. Tukapanda mpaka pango la Mungumi. Jamani! Watu warefu, wembamba kama fito, nywele zimetuna, na miili imejazwa vimistari utadhani mtu kashika brashi namba moja. Nikasogeza pua karibu (kugusa hapana, mtembezaji alikuwa mkali). Haibanduki kama rangi yangu, imezama kwenye jiwe. Hawakuwa na tina wala vanishi. Walichanganya na nini?

Mrangi_wa_Pahi
Fundi, umefika kwetu bila hodi! Mungumi si ya watalii tu, wazee bado wanapanda kuomba mvua na kutibu wagonjwa. Hupuliza pombe ya mtama ukutani, na watu wa mambo ya kale wanalalamika kwamba inaharibu michoro. Mimi wanaonikera ni wanaochimba pangoni wakitafuta eti dhahabu ya Mjerumani. Mashimo tele, dhahabu hakuna.

MaweNaMifupa
Nimesomea akiolojia, nijaribu. Ule wekundu ni ngeu, udongo wenye madini ya chuma. Kwa lugha ya fundi: ni kutu. Kutu haina pa kwenda zaidi, jua haliivunji. Rangi nyingi nyekundu za bei poa zinategemea kemikali ambazo jua linazila. Ngeu ikisagwa laini sana inaingia kwenye vinyweleo vya mwamba. Cha kuchanganyia huenda kilikuwa mafuta ya mnyama, ila mafuta huoza, hivyo ushahidi ni mgumu.

Halafu usisahau paa. Miamba ile imejiinamia, mvua haifiki. Iliyochorwa nje imeshafutika, wewe umeona iliyobaki tu. Mtafiti wa mambo ya kale Mary Leakey alipoinakili mwaka 1951 tayari mingine ilikuwa hoi.

Ukirudi, uliza habari za Kisese. Mwaka 1956 walichimba pango la huko wakakuta shanga za maganda ya mayai ya mbuni. Za zamani kabisa zimepita miaka 40,000. Ganda linavunjwa vipande, linatobolewa kwa ncha ya jiwe, kisha kingo zinasuguliwa mpaka duara. Kazi ya subira.

FundiMabango
Shukrani mkuu. Sasa ile nyeupe? Niliiona pembeni, minene, kama imepakwa kwa kidole. Hiyo ndiyo inabanduka.

MaweNaMifupa
Jicho la fundi hilo. Nyeupe kwa kawaida ni ya baadaye, ya wakulima na wafugaji. Ni udongo mweupe, unakaa juu juu, haushiki.

FundiMabango
Basi jana nimenunua ile poda nyekundu ya kuchanganya na saruji ya sakafu. Muuzaji kasema nayo ni ya chuma. Nimeikoroga na mafuta ya kitani, nikapaka nusu ya ng'ombe. Katoka kahawia. Mteja kaja, kamzunguka, kaniuliza kama huyo ng'ombe ameungua.

Mrangi_wa_Pahi
Mwambie ni nyama choma 😂