Mdogo wangu kapata UDOM, akae hosteli ya chuo au nimpangie geto Ng'ong'ona?

MzawaWaManyoni
Wakuu heshima kwenu. Mdogo wangu wa kike kachaguliwa UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma, kusoma ualimu, mimi ndo nasimamia mambo yake yote. Sasa yeye na rafiki yake waliomaliza form six pamoja wameshapatana wapange geto, yaani chumba cha mtaani, huko Ng'ong'ona jirani na chuo, eti hosteli mnajazana chumba kimoja, kupika marufuku, na kila saa mtu anakuuliza unaenda wapi. Mama aliposikia neno geto presha ikapanda, anataka mtoto alale ndani ya geti la chuo basi. Mimi sijapita chuo, ni fundi, Dom naingia kununua vifaa na kugeuza. Naomba mnieleze kiukweli kati ya hizo mbili ipi ina nafuu, na hizo hosteli zinapatikana kweli au mpaka umjue mtu? Mkopo kaomba, majibu bado.

Kimbweta_Sugu
Mkuu hongera kwa mdogo wako. Nimesoma pale kwa hiyo ngoja nikwambie kitu ambacho watu wa nje hawakijui, UDOM sio chuo kimoja cha uzio mmoja kama sekondari. Ni milima, kuanzia lile jengo la Chimwaga ambako chuo kilianzia 2007, na kila koleji imekaa kilima chake na madarasa yake na hosteli zake na kafeteria yake. Kutoka koleji moja kwenda nyingine unapanda daladala au boda, ukikaza kwa mguu unafika shati limelowa. Kwa hiyo mama akisema "ndani ya chuo" mwambie ndani ya chuo peke yake haitoshi, cha kuuliza ni hosteli ya koleji yake mwenyewe au ya koleji nyingine.

Alafu ukisema anasoma ualimu bado hujasema kitu. Kuna ualimu wa sayansi, kuna wa sanaa, kuna zile za elimu yenyewe, na sio lazima zote ziwe koleji moja. Shika barua ya udahili usome kozi iko chini ya koleji gani ndo uanze kuongea habari za kulala. Nimeona watu wanapanga chumba Ng'ong'ona kwa sababu rafiki wa CIVE, koleji ya mambo ya kompyuta, anakaa huko, kumbe yeye vipindi viko upande mwingine kabisa, mwaka mzima analipa boda.

Kuhusu kumjua mtu, hapana. Hosteli zinaombwa kwenye mfumo wa wanafunzi, unapewa namba ya malipo unalipia unapangiwa chumba. Shida ni wanaosubiri bumu, yaani hela ya mkopo ya kujikimu, ndo waombe. Mfumo ukifunguliwa aingie siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku wa manane bando la jirani.

geto_ndio_home
Haya sasa wazee wa hosteli mmeanza kutisha watu. Binti ana miaka zaidi ya 18, anaenda kuwa mwalimu, mwacheni apange. Hosteli ukitaka kuchemsha chai tu unaficha hita kama bangi. Getoni unanunua mchele wako kilo tano, maharage, mtungi mdogo wa gesi, unakula wiki mbili hela ambayo mwenzako wa hosteli kaimaliza siku nne kwenye chipsi mayai. Kusoma je? Chumba cha watu wanne mmoja anasikiliza mziki mmoja anaongea na mpenzi wake hadi saa nane, utasoma saa ngapi? Hosteli ni ya kulala na kuhifadhi begi, kusoma wote mnaishia kwenye vimbweta, yale mabenchi na meza za nje.

DadaWaMakulu
@geto_ndio_home kaka wewe ni mwanaume ndo maana unaongea hivyo. Tofauti kubwa kwa mtoto wa kike ni saa tatu usiku. Diskasheni imeisha, wa hosteli anatoka kimbweta anatembea kwenye taa na wenzake anaingia bloku. Wa geto anaanza kutafuta wa kuongozana nae au anaita boda asiyemjua, na zile njia za kukatiza vichakani ambazo mchana zinaonekana fupi usiku hazipitiki. Wakati wa UE, mitihani ya mwisho wa semista, hali hiyo ni kila siku.

Mimi nilikaa hosteli ya mtu binafsi nje ya chuo, sitaitaja. Tulipoenda kuangalia tukaoneshwa chumba kizuri marumaru, feni, bomba linatoka. Tumelipa miezi sita tumehamia, maji yakawa ya kununua kwa ndoo, luku moja nyumba nzima na kila mwezi mnagombana nani ana friji, na mwenye nyumba akaongeza mtu wa tatu kwenye chumba cha wawili bila kuuliza. Ukidai hela yako anakwambia mkataba uko wapi. Tulikuwa na risiti ya karatasi ya daftari.

Kwa hiyo kama mtampangia nje muulize mwenye nyumba mambo ya maji kwanza kabla hata ya bei, maana Dodoma ni kukavu, mvua ni Desemba mpaka Aprili hivi, baada ya hapo ni vumbi na upepo. Nyumba yenye simtanki kubwa juu ni nyumba, isiyo na simtanki mnatafutana. Uliza luku ni ya chumba au ya wote. Na waende kuangalia jioni, sio saa nne asubuhi na dalali.

MzawaWaManyoni
Asanteni sana aisee, hii ya simtanki na hii ya koleji sikuwaza kabisa. Barua nimeiangalia, ni ualimu wa sayansi. Sasa maswali mawili, hilo bumu likitoka linatosha kupangia? Na kuna mtu huku kaniambia akikosa hosteli "atabebwa", kubebwa ndo nini?

hesabu_za_bumu
Kubebana ni mwenye kitanda kumpokea mwenzake asiyepangiwa, mnalala wawili kitanda cha mtu mmoja. Ipo vyuo vingi na vyuo vinaikataza, ukaguzi ukipita wote wawili mna kesi, mbebaji na mbebwa. Kwa wiki moja ya kutafuta chumba watu wanavumiliana, kwa semista nzima urafiki unakufa.

Hela sasa. Bodi ya Mikopo inatoa elfu kumi kwa siku ya kula na malazi tangu mwaka wa masomo 2022/2023, zamani ilikuwa 8,500. Inakuja kwa awamu, wakikuwekea siku 60 ni laki sita. Kwa mtu wa mwaka wa kwanza inaonekana hela nyingi mpaka uipige hesabu. Tuseme chumba elfu hamsini kwa mwezi na mwenye nyumba anataka miezi sita mbele, ni laki tatu, nusu imeondoka hujala. Bado kitanda, godoro, pazia, gesi, ndoo, na nauli ya kila siku. Na hapo bumu liwe limetoka, maana la kwanza ndo linachelewa kuliko yote, mpaka ujisajili, mpaka majina yaje, mpaka usaini. Mwenye nyumba hajui mambo ya kusaini.

Na hili la kupanga na rafiki nalo mliangalie. Rafiki akikosa mkopo akaahirisha mwaka, au akapata nafasi hosteli akahama, kodi yote inabaki kwa mdogo wako, yaani kwako wewe fundi.

Kimbweta_Sugu
Hapo kwenye kodi umeongea. Na bei za vyumba Dom sio zile za zamani, toka serikali ianze kuhamia huku 2016 mwanafunzi anagombea chumba na mtumishi mwenye mshahara. Nyumba za Kisasa na Iyumbu usiziwaze kabisa.

Ushauri wangu mwaka wa kwanza hosteli, wa pili akishajua njia na ratiba na tabia za watu, akitaka geto aende. Wengi ndo tulivyofanya, na kuna ambao walienda geto wakarudi hosteli wenyewe semista ya mwisho.

mzee_wa_Kikuyu
Niongezee kidogo, mimi niko chuo cha St. John's huku Kikuyu, kwetu habari ni nyingine maana tuko mjini, ukitoka geti unakutana na vyumba vya kupanga na sokoni ni karibu. Kwa hiyo anayesoma uzi huu akiwa wa chuo cha Mipango Miyuji au chuo cha biashara CBE asibebe ushauri wa UDOM mzima mzima. UDOM iko kama kilomita nane toka mjini, hilo ndo linabadilisha kila kitu.

geto_ndio_home
Sawa nimewasikia, lakini mtoto akikonda kwa chakula cha kafeteria msinitafute 😂

MzawaWaManyoni
Nimemsomea mama yote mpaka ya hita, kacheka. Mdogo wangu kanuna lakini kakubali hosteli mwaka huu, rafiki yake naye ataomba. La mwisho, godoro nimnunulie huku Manyoni nilipakie kwenye basi? Kuna jamaa ana la tano kwa sita bei nzuri.

DadaWaMakulu
Usinunue kaka. Vitanda vya hosteli ni vya mtu mmoja, vingi ni dabodeka, hilo la tano kwa sita litaning'inia. Afike kwanza aone chumba kina nini, kama kuna kinachopungua soko la Majengo lipo na magodoro Dom yamejaa. Hela ya godoro mpe mkononi, nunua blanketi zito tu, watu wanajua Dodoma joto ila Juni na Julai usiku utamuonea huruma.