Sabufa ya kompyuta inanguruma mara inanyamaza, naombeni msaada kabla sijanunua bodi mpya

mhariri_moro

Wakuu habari za muda huu, poleni na majukumu. Niko Morogoro, kazi yangu ni kuhariri video za harusi na za kwaya, natumia kompyuta ya mezani nimeiunganisha na sabufa yenye spika mbili ndogo, waya wa AUX umechomekwa kwenye lile tundu la mbele la keisi. Sabufa hiyohiyo nimeipeleka pia kwenye king'amuzi kwa zile waya nyekundu na nyeupe maana sebule ndo ofisi, jioni familia inaangalia TV.

Sasa shida ni makelele. Asubuhi naanza kazi kukiwa kumetulia vizuri tu, kuna kamvumo ka chini "mmmm" lakini nimeshakazoea, ikifika mchana unasikia "zzzzzz" kali kabisa, inakaa muda, inakata yenyewe, inarudi. Na mara nyingine inatoka "titititi titi" kwa haraka afu kimya. Nimeshapiga Windows upya, nimebadilisha waya wa AUX, wapi. Kuna fundi kaja akasema sehemu ya sauti kwenye bodi (ule ubao mkuu ndani ya kompyuta) imekufa ninunue bodi nyingine, hela yenyewe sio ndogo. Kingine kinachonitisha, naogopa haya makelele yasije yakawa yanaingia mpaka kwenye kazi za wateja. Mwenye uzoefu anisaidie tafadhali.

fundi_ampu

Mkuu usinunue bodi kwanza. Sehemu ya sauti ikifa mara nyingi inakaa kimya kabisa au inatoa upande mmoja, haifuati saa za mchana. Halafu ukisoma ulivyoandika vizuri umetaja milio mitatu tofauti, "mmmm", "zzzz" na "titititi", na mimi nakwambia kila mmoja una chanzo chake, ndo maana ukirekebisha kitu kimoja unaona kama hujafanya kitu.

Fanya hivi. Washa sabufa, shusha ile nobu ya volyumu mpaka sifuri. Kama bado inanguruma kwenye sifuri basi tatizo liko ndani ya sabufa yenyewe, baada ya volyumu, na hapo mshukiwa wa kwanza ni zile kapasita kubwa za pawa saplai, zikizeeka zinashindwa kulainisha umeme. Umeme wetu ni Hz 50, yaani mawimbi 50 kwa sekunde, ukipita kwenye dayodi zinazougeuza kuwa DC unakuwa mawimbi 100 kwa sekunde na ndo hiyo sauti nzito unayoisikia. Kapasita bei yake ndogo sana, fundi redio yeyote anabadilisha.

Kama kwenye sifuri inanyamaza na ukipandisha makelele yanapanda, basi yanaingia kupitia waya. Chomoa waya zote za nyuma ya sabufa, AUX na zile za king'amuzi, uchomoe upande wa sabufa, sio upande wa kompyuta, kwa sababu ukiacha ncha ya waya inaning'inia hewani inakuwa antena na ukiigusa kwa kidole lazima ingurume, watu wengi wanadanganyika hapo. Kisha rudisha mmojammoja unasikiliza. Mchana, wakati ule mlio wenyewe upo, asubuhi hutapata kitu.

Kuhusu kazi za wateja, chukua faili moja uliyomaliza peleka kwenye simu sikiliza kwa earphone. Kama ni safi kule basi makelele yako kwenye kusikilizia tu, faili halina shida.

bi_nuru_tanga

Hiyo "titititi" ni simu mkuu, tena nakuhakikishia ni kitochi. Una kitochi karibu na sabufa?

Simu ikiwa kwenye 2G, ule mtandao wa zamani ambao vitochi vingi vinatumia, haitumi mawimbi mfululizo, inatuma kwa vipande vipande, mara 217 kwa sekunde, na kwenye masafa ya MHz 900 inaweza kufika wati 2. Waya wa AUX wa bei rahisi unayadaka yale mawimbi, ampu ya sabufa (sehemu inayokuza sauti) inageuza kuwa sauti, ndo unasikia titititi sekunde chache kabla simu haijaita au meseji haijaingia. Hata kama hakuna anayepiga simu huwa inajiripoti kwenye mnara kila baada ya muda kwa hiyo unaweza kuisikia bila sababu yoyote ya kuonekana. 3G na 4G hazina tabia hiyo kwa kiasi kile. Isogeze mita moja au mbili kutoka kwenye sabufa na waya zake, basi.

chuga_pc

Mimi nilisumbuka na mvumo kama huo nikapata dawa mtandaoni, unaziba ile pini ya juu ya plagi ya kompyuta kwa selotepu au unatumia adapta ya pini mbili, mvumo unakata papo hapo. Jaribu hiyo mkuu ni bure.

fundi_ampu

@chuga_pc kaka hapana, tena nakuomba kwa heshima uirudishe hiyo pini leo. Ni kweli mvumo unakata, lakini angalia ulichokata. Ndani ya pawa saplai ya kompyuta kuna kapasita ndogo zinazotoka kwenye laini kwenda kwenye bati la keisi, kazi yake ni kuchuja uchafu wa umeme, na zimewekwa pale kwa kutegemea kwamba keisi imeunganishwa na ardhi. Ukitoa waya wa ardhi keisi inabaki inaelea na volti kama nusu ya umeme wa nyumba, ndo ule mtekenyo unaousikia ukigusa bati huku miguu iko sakafuni bila viatu. Hapo ni kila kitu kikiwa kizima. Siku insulesheni ikichubuka ndani, volti zote 230 ziko kwenye keisi na hakuna njia ya kuzipeleka ardhini isipokuwa mtu atakayegusa, na watoto ndo wanaocheza chini ya meza. Mvumo wa spika unadhibitika kwa njia nyingine nyingi, usiitoe ethi (huo waya wa ardhi) ya kitu chochote chenye pini tatu.

@mhariri_moro tunasubiri majibu ya jaribio.

kijiwe_cha_it

Usisahau pia tundu la mbele, ule waya unaotoka kwenye tundu la mbele kwenda kwenye bodi unapita ndani ya keisi pembeni ya kadi ya picha na feni, unaokota kila takataka. Hamia tundu la kijani la nyuma. Kama ukisogeza mausi au ukiskroli unasikia kelele inabadilika basi hiyo ndo yenyewe. Na kwenye Windows weka sauti juu, 80 hivi au zaidi, halafu punguza kwenye sabufa, sio kinyume chake, maana ukipandisha sabufa unapandisha na makelele. Angalia pia kwenye mipangilio ya sauti kama maiki imewekwa "Listen to this device", ikiwa imewashwa kila kilichopo kwenye tundu la maiki kinatoka kwenye spika.

mhariri_moro

Wakuu nimerudi na shukrani nyingi. Majibu ni haya. Faili za wateja ni safi, nimesikiliza kazi kadhaa kwa simu hakuna hata chembe, hapo moyo umetulia kabisa.

Bi Nuru umepiga penyewe, kitochi cha kupokelea hela za wateja huwa nakiweka juu ya sabufa. Nimekihamishia dirishani, titititi imeisha.

Volyumu ikiwa sifuri sabufa iko kimya, kwa hiyo kapasita nadhani ni nzima. Nilipochomoa waya za king'amuzi ule mvumo "mmmm" umekata wote, nikirudisha unarudi, hata king'amuzi kikiwa kimezimwa! Hapo sijaelewa. Nimehamia tundu la nyuma sauti imekuwa safi zaidi kweli. Ila ile "zzzzz" ya mchana bado ipo, tena ipo hata nikiwa nimechomoa king'amuzi.

fundi_ampu

Safi sana, sasa tunaenda vizuri.

Mvumo wa king'amuzi ni hivi. Kompyuta yako ina pini tatu, keisi yake imeshuka ardhini kupitia nyaya za nyumba. King'amuzi kina pini mbili, lakini ule waya wa dishi una ganda la chuma linaloenda mpaka kwenye dishi, na dishi limefungwa kwenye bomba la chuma ambalo nalo linagusa ukuta au limechimbiwa chini. Kwa hiyo una ardhi mbili zilizo sehemu tofauti na volti zao hazilingani sawasawa, na sabufa yako ndo daraja katikati, AUX upande huu, waya nyekundu na nyeupe upande ule. Umeme mdogo wa Hz 50 unazunguka humo kupitia ganda la waya wa sauti na unaingia kwenye ampu. Kuzima king'amuzi hakusaidii kwa sababu ganda halizimwi. Ukitaka kuhakikisha rudisha waya za sauti halafu fungua ule waya wa dishi nyuma ya king'amuzi, utasikia mvumo unakufa.

Dawa kuna kale kakifaa kadogo ka kuweka katikati ya waya wa sauti, kanaitwa "ground loop isolator", ndani kana vitransfoma viwili, sauti inapita kwa sumaku bila shaba kugusana. Mafundi redio za magari huwa wanavyo kwa sababu magari yana shida hiyohiyo. Vile vya bei ya chini kabisa vinapunguza besi kidogo kwa hiyo weka upande wa king'amuzi, usiweke upande wa kompyuta unaofanyia kazi. Au chomoa tu mchana, chomeka jioni.

Sasa hiyo ya mchana. Swali moja: kuna feni ya juu hapo sebuleni, na unaiwasha saa ngapi?

mhariri_moro

Ipo mkuu. Naiwasha joto likianza, saa tano saa sita hivi. Ngoja.

Daah. Nimezima feni na "zzzz" imekata saa hiyohiyo. Nimewasha imerudi. Nikiweka spidi ya mwisho inapotea, nikirudisha katikati inakuwa kali kuliko zote. Na inapokata yenyewe ndo pale mama watoto anapita anaizima au anaongeza spidi.

fundi_ampu

Ndo hiyo swichi ya ukutani ya kuzungusha, ile nyepesi ndogo. Ndani ina kitu kinaitwa trayaki, inapunguza spidi kwa kukata kila wimbi la umeme, mara 100 kwa sekunde, na kila ikikata inatoa mshtuko mkali kwenye nyaya zote za chumba hicho. Katikati ndo inakata pale volti ilipo juu kabisa, kwa hiyo kelele ni kubwa, spidi ya mwisho karibu haikati kitu. Dima za taa, zile swichi za kupunguza mwanga, zina tabia hiyohiyo.

Badilisha uweke ile ya hatua, inayogonga tak tak 1, 2, 3, 4, inayotumia kapasita. Haikati mawimbi kwa hiyo hainung'uniki, na feni yenyewe itapunguza ule mvumo wa mota. Hiyo ndo hela ya kutumia, bodi iache ilivyo. Wakati unaitafuta, waya wa AUX uwe mfupi na usiulaze sambamba na waya za umeme wala ekstensheni, ukilazimika kuzivuka zivuke kwa msalaba.

sumbawanga_solar

Samahani kwa kudandia, mimi natumia sola na inveta (kile kifaa cha kugeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani), spika zangu zinanguruma usiku tu nikihamia inveta, TANESCO ikirudi kimya. Ni hiyohiyo?

fundi_ampu

Inafanana. Angalia lebo ya inveta, kama imeandikwa "modified sine wave" umeme wake una ngazi ngazi badala ya wimbi laini na transfoma ya spika inaulalamikia. Dawa ya kudumu ni inveta ya "pure sine wave". Kama hela haijakaa vizuri na una laptopu, tumia laptopu kwenye betri na spika za USB, inveta unakuwa umeikwepa kabisa.

mhariri_moro

Nimeipata ya hatua dukani hapa mjini, wanayo. Naweza kuifunga mwenyewe au ni lazima fundi umeme?

bi_nuru_tanga

Kama hujawahi kufungua swichi ya ukutani mwite fundi, ni kazi ya dakika chache. Na hata yeye hakikisha amezima meini swichi kabisa, asizime swichi ya feni tu, maana kwenye baadhi ya nyumba unakuta laini na nyutro zimegeuzwa na waya unabaki hai hata feni ikiwa imezimwa.