Je, Azeroth ya kabla ya 2010 irudishwe ndani ya gemu yenyewe?

Mwanzisha mada

Wakuu, tujadili hili kwa utulivu. Msimamo wangu: Blizzard, waundaji wa gemu ya mtandaoni World of Warcraft, wairudishe ndani ya gemu ya sasa Azeroth, yaani dunia yake, kama ilivyokuwa kabla ya Cataclysm (nyongeza kubwa ya 2010), iwe enzi ambayo mhusika wako yuleyule anaweza kuitembelea.

Naanza na njia niliyoipita mwenyewe. Mhusika wangu wa kwanza, mwaka 2006, alikuwa Night Elf. Jamii hiyo ilianzia kwenye mti mkubwa wa Teldrassil, ulio kisiwani. Ukitaka kumfuata rafiki aliyeanza kama Dwarf, unapanda mashua hadi Auberdine, pwani ya Darkshore, unasimama gatini usiku unasubiri meli ya Menethil Harbor. Unashuka Menethil una levo 10, na mamba wa Wetlands wana levo ishirini na kitu. Unakimbia. Unakufa, roho yako inatoka makaburini kuufuata mwili, unafufuka, unakimbia tena, unakufa tena, mpaka uyafikie malango ya Ironforge, mji wa Dwarf. Hakuna misheni iliyokutuma. Ni jiografia tu, na jiografia hiyo ilikufundisha kwamba Alliance, upande wetu unaopingana na Horde, ni mataifa yaliyo mbali mbali yanayosaidiana kwa shida. Ulilijua hilo kwa sababu umbali wenyewe umeuvuka kwa miguu.

Tarehe 23 Novemba 2010 ramani ikabadilishwa kwa mkupuo mmoja. Deathwing, joka la maangamizi, ameibuka, Barrens imepasuka katikati, maji yamefunika Thousand Needles, Auberdine ni magofu. Sababu za kiufundi nazijua. Mabara mawili ya 2004 hayakutengenezwa ili yaonekane kutoka juu. Kuruka kulikuja 2007 na kuliruhusiwa Outland tu, dunia nyingine iliyokuja na nyongeza ya mwaka huo, kwa kuwa huku kwetu nyuma ya milima kulikuwa na mapengo matupu na majengo yasiyo na upande wa nyuma. Ili turuke, ardhi ilibidi ijengwe upya, nakubali. Lakini kujenga upya si lazima kufute ya zamani.

Na chombo wanacho. Zidormi, yule wa jamii ya majoka ya shaba yanayolinda wakati, anasimama kwenye maeneo kadhaa na ukimwomba anakurudisha eneo lile lilivyokuwa. Nendeni Darkshore mkajaribu. Atawarudisha kabla Teldrassil haujachomwa mwaka 2018. Mti utauona mzima kabisa ng'ambo ya maji. Kisha shukeni Auberdine: magofu yaleyale. Anayetetea hali hii anieleze kwa nini mlango unafunguka hadi nyuma ya 2018 na haufunguki hadi 2009.

Mchangiaji wa 1

Mkuu, nakuheshimu lakini napinga moja kwa moja.

Kwanza, unachokitaka kipo. Tangu Agosti 2019 kuna Classic, gemu ya pembeni iliyotengenezwa kwa toleo la 1.12 la 2006, Auberdine yako ikiwa na gati na meli na kila kitu. Hilo silikalii sana.

La pili ndilo linaloniuma. Mimi nilikuwa mtu wa Southshore. Kwa wasioijua, ni kijiji cha Alliance pwani ya Hillsbrad, na kwa juu yake kuna Tarren Mill ya Horde. Zamani, kabla hata mfumo wa heshima, yaani pointi za kuwashinda wapinzani, haujaingia 2005, watu walipigana kwenye barabara ile saa nzima nzima bila zawadi yoyote. Leo mmewarudisha nyuma mpaka mlangoni pa Tarren Mill, kesho wamewasukuma hadi nyumba ya wageni ya Southshore na walinzi wote wamelala chini.

Cataclysm ilipokuja, Forsaken, wafu-hai wa Horde, walikuwa wameiangamiza Southshore kwa tauni. Nilifika pale mara ya kwanza nikasimama tu. Matope ya kijani yanatambaa kati ya nyumba ambazo kila ngazi yake nilikuwa naijua. Nilikuwa nimepigana na Forsaken miaka minne bila kuwachukia, ni wapinzani tu. Siku ile niliwachukia. Sasa wewe unataka niwe na mtu wa kumwomba, kijiji kirudi, nikishashiba nikirudishe kwenye tauni. Msiba unaoweza kuufungua na kuufunga hivyo si msiba tena. Na Zidormi aliyepo sasa nisingemweka hata pale karibu na Theramore. Theramore, mji wa Alliance, ilipigwa bomu 2012, ibaki shimo.

Mchangiaji wa 2

Naomba niingie kama mtu wa upande wa tatu, maana nyote wawili mnaongea kama watu mlioikuta ile ya zamani. Mimi nilianza 2012, na sina cha kukumbuka kabla ya hapo.

Nawaeleza dunia ilivyoonekana kwa macho ya mgeni. Unaanza levo 1, kila mahali moto, kila mtu analia Deathwing, Deathwing. Unafika levo 60, unapelekwa Outland, Illidan, adui wa 2007, yu hai na anapangiwa vita. Levo 70 unakwenda Northrend, Lich King, adui wa 2008, bado amekaa kwenye kiti chake. Levo 80 unarudi Azeroth na ndipo unaambiwa Deathwing ametoka! Nilimuuliza kaka aliyeniingiza kwenye gemu, akaniambia wewe cheza tu, usifuatishe. Nusu ya ramani ilikuwa imehamia 2010, nusu imebaki 2007 na 2008. Chromie, mhusika wa gemu aliyekuja kukupangia enzi ya kupandia levo mwaka 2020, alipunguza tatizo kwa sababu angalau unachagua umo wakati gani.

Ndiyo maana sioni kosa kwamba dunia ilibadilishwa. Kosa ni kwamba ilibadilishwa mara moja ikaachwa. Deathwing aliuawa mwishoni mwa 2011. Nendeni leo muone sehemu ngapi bado zinafuka moshi wake, na watu wamesimama palepale wakisubiri msaada. Mchangiaji wa 1, jeraha unalolitetea lingekuwa na maana kama kuna siku lingeonekana linapona au linaoza. Gilneas, nchi ya Worgen (watu wa umbo la mbwamwitu), ilikaa bila wenyewe tangu 2010 mpaka misheni za Januari 2024 zilipowarudisha. Miaka kumi na tatu! Lakini nilipoingia mjini pamoja na wale Worgen nilifurahi kuliko ambavyo ningefurahi kuonyeshwa Gilneas ya kabla ya kuta kuanguka.

Mchangiaji wa 3

Naongeza dogo. Mnapozungumzia kufuta, msiishie kwenye ardhi. Kitabu cha maelekezo cha Warcraft III, gemu iliyotangulia, cha 2002 kilisema jamii ya Eredar ndiyo iliyompotosha Sargeras, adui mkuu wa hadithi. Ilipofika Burning Crusade, nyongeza ya 2007, ikawa Sargeras ndiye aliyewapotosha Eredar, na Chris Metzen, mmoja wa waandishi wa hadithi, akakiri hadharani kwamba alikuwa amekosea, akaomba radhi. Mwaka 2010 kwenye BlizzCon, mkutano wa mashabiki wa Blizzard, shabiki mwenye shati jekundu aliuliza Falstad Wildhammer, kiongozi wa Dwarf, yuko wapi, akajibiwa kwamba amekufa. Hakuwa amekufa. Wakasahihisha, Falstad akakalishwa kwenye baraza la Ironforge, na pembeni yake wakaweka Dwarf mwenye shati jekundu. Wachezaji ndio kumbukumbu ya dunia hii. Kwa hiyo namuunga mkono mwanzisha mada: kilichokuwepo kiweze kuonekana, tusibaki kusimuliana.

Mwanzisha mada

Nashukuru wakuu. Mchangiaji wa 1, hoja ya Southshore imenigusa na sitaigombania. Pale pabaki na tauni yake, na kijiji kikirudi basi kirudishwe na walio hai wakikijenga, kama Gilneas.

Ila Classic si jibu langu. Night Elf wangu wa 2006 hawezi kuingia kule. Nikienda nitaenda na mhusika mwingine, levo 1, asiyemjua yeyote. Huyu niliye naye alizaliwa kwenye mti uliochomwa na akaondokea bandari iliyobomolewa, na Zidormi amempa mti peke yake. Naomba hatua moja zaidi kutoka palepale anaposimama: gati, na meli ya Menethil ikija.